Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Teddy Kalanda na Wimbo Uliommeza Mtunzi Wake

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii aghalabu huelezwa kwa maana yake ya juu, kwamba ujio wa mgeni huleta neema nyumbani, kwa kuwa siku hiyo hupikwa kile ambacho hakipikwi kila siku. Mara chache huulizwa swali la pili: je, mwenyeji amepona? Katika historia ya muziki wa Mombasa, swali hilo linamhusu kwa namna ya pekee msanii mmoja, Teddy Kalanda Harrison, kiongozi wa bendi ya Them Mushrooms na mtunzi wa "Jambo Bwana". Alipofariki mnamo Septemba 2024, ulimwengu uliokuwa umeuimba utunzi wake kwa zaidi ya miaka 40 ulilazimika kuelezwa kwanza yeye alikuwa nani.

Them Mushrooms, ambayo baadaye ilijulikana pia kwa jina la Uyoga, iliundwa Mombasa mwaka 1972. Ilikuwa bendi ya ndugu wa tumbo moja: Teddy Kalanda, Billy Sarro, George Zirro, Dennis Kalume na John Katana, wote wakiwa wana wa ukoo wa Harrison. Jina la ukoo lina sauti ya Kizungu, lakini majina kama vile Kalume na Katana yanatambulisha mara moja asili ya Kimijikenda. Vijana hawa hawakujifunga katika mtindo mmoja. Walipiga chakacha, ngoma ya wanawake katika harusi za pwani, wakaigeuza kuwa muziki wa gitaa na ngoma za kisasa, wakapiga kalipso, na wakawa miongoni mwa bendi za kwanza nchini Kenya kuikumbatia rege.

Ili kuuelewa muziki wao, ni sharti kwanza kuielewa jiografia ya Mombasa. Wanafunzi wa fasihi huizoea Mombasa ya kisiwani, ile ya Mji wa Kale na ya Muyaka bin Haji. Lakini uchumi wa utalii uliokua katika miaka ya 1970 haukukaa kisiwani, ulikaa bara. Mgeni alishuka kwenye uwanja wa ndege uliopo Changamwe, bara ya magharibi. Akivuka kisiwa kuelekea kusini, alipanda feri ya Likoni na kushika njia ya Diani. Akielekea kaskazini, alivuka Nyali na kuingia Kisauni, hadi ufuo wa Bamburi na Shanzu. Mwaka 1980 daraja jipya la Nyali lilikamilika na kuchukua nafasi ya daraja la zamani lililokuwa likielea juu ya maji, na safari ya kwenda hoteli za kaskazini ikawa nyepesi zaidi. Mgeni aliweza kukaa majuma mawili pwani huku kisiwa chenyewe akikipita tu garini.

Katika bara hii ya kaskazini ndiko Them Mushrooms walikochuma riziki, wakiwatumbuiza watalii katika hoteli za Bamburi, Severin Sea Lodge ikiwa mojawapo. Kazi ya mwanamuziki wa hoteli ni zaidi ya kuimba. Kila usiku hulazimika kuwa mwigizaji. Hadhira ya jana imekwisha kusafiri. Ya leo haijui lugha yake, haijui nyimbo zake, na imechoka kwa jua la mchana. Msanii hana budi kuigiza uwenyeji: kutabasamu kana kwamba mgeni huyu ndiye wa kwanza kuwahi kufika, kumwamkia, kumuuliza hali, kumpa neno moja au mawili ya kwenda nayo kwao. Wageni nao walipenda kuyajaribu maneno hayo, na katika majaribio hayo Teddy Kalanda akaiona mbegu ya wimbo. Akayapanga maamkizi, ulizo la hali, jibu la uzima, karibisho na hakikisho la usalama katika muziki mwepesi ambao hata asiyejua Kiswahili angeweza kuuitikia katika usiku wake wa kwanza.

Wimbo ulitolewa kwa sahani ya santuri mwaka 1982. Hesabu inayotajwa sana ni kwamba kufikia mwaka 1987 ulikuwa umeuza nakala 200,000, idadi kubwa mno kwa soko la Kenya la wakati huo. Mwaka 1983 kundi la Boney M., lililokuwa na makao yake Ujerumani, liliutoa upya likichanganya Kiswahili na Kiingereza. Mombasa Roots na Safari Sound Band wakaurekodi pia kwa namna zao. Tangu hapo hakuna hoteli, mashua ya watalii wala sherehe ya kuwapokea wageni pwani ambayo haijausikia.

Wataalamu wa Kiswahili, hata hivyo, hawakuupokea kwa mikono miwili. Malalamiko yao yanajulikana. Kwanza, "jambo" peke yake si salamu kamili ya Mswahili. Salamu ni "hujambo?", yaani huna jambo lililokupata? Na jibu ni "sijambo", yaani sina. Kumwambia mtu "jambo" tu, kwa sikio la mzawa wa Mvita, ni kama kumpa kitendawili bila kumtegea. Pili, usemi wa "hakuna matata" si mazoea ya Waswahili wengi, ambao wangesema hapana shida, au hapana taabu. Tatu, na hili ndilo zito, ni kwamba lugha yenye Utendi wa Mwana Kupona na mashairi ya Muyaka imepunguzwa mbele ya dunia ikawa maneno machache ya kumstarehesha mgeni. Mwaka 1971 Ahmad Nassir Juma Bhalo alichapisha Malenga wa Mvita. Mwaka 1973 Abdilatif Abdalla akachapisha Sauti ya Dhiki, mashairi aliyoyatunga gerezani. Je, ni haki kwamba miaka michache baadaye sauti ya Mombasa iliyovuka bahari iwe ile ya hotelini?

Hoja hizi zina uzito, na ile ya tatu haijibiki kwa urahisi. Lakini zinauhukumu wimbo kabla ya kuusikiliza. Chukua neno moja tu lililomo ndani yake: mwakaribishwa. Mwanafunzi wa mofolojia akilichanganua atapata mw-a-karib-ish-w-a: kiambishi cha nafsi ya pili wingi, kiambishi cha hali isiyodhihirika, mzizi, kiambishi cha kutendesha, kiambishi cha kutendwa na kiishio. Hiki si Kiswahili kilichovunjika. Ni kitenzi kilichonyambuliwa mara mbili, chenye ile "-a-" ambayo lahaja za pwani huipenda na ambayo wanafunzi wengi wa bara huihepa na kushika "-na-". Mamilioni ya watu wasiojua sarufi ya Kiswahili wamelitamka neno hilo bila kosa, kwa kuwa mtunzi alilipa mahali panapostahili katika mapigo ya muziki. Mwalimu yeyote aliyewahi kuwafunza wageni kauli ya kutendwa anajua kwamba hilo si jambo dogo.

Muundo wa wimbo nao hauko mbali na jadi. Ni mjibizano: mmoja anauliza, mwingine anajibu, wote wanaitikia. Takriri yake ni ile ya ngoma, ambapo kiitikio hurudiwa hadi mgeni wa ngoma naye awe mwimbaji. Kwa mtazamo huu, Teddy Kalanda alifanya kile ambacho mganwa na manju hufanya uwanjani: aliisoma hadhira yake kwanza, kisha akatunga kwa kipimo chake.

Hata neno "bwana" lina pande mbili. Wapo wanaolisikia kama mwangwi wa enzi ya ukoloni, mtumishi akimwita mwajiri wake. Lakini katika Kiswahili cha kila siku, bwana humwita bwana mwenzake sokoni, barazani na kwenye feri ya Likoni, wala hakuna aliyeinama. Wimbo hautuambii tuchague upande gani. Chaguo lilitegemea nani aliyesimama mbele ya nani, na katika hoteli za miaka ile, mara nyingi aliyekuwa amekaa alikuwa mgeni na aliyekuwa amesimama alikuwa mwenyeji.

Hapo ndipo methali ya wahenga inapodai jibu. Nyuma ya hoteli za Bamburi na Shanzu vipo vitongoji kama Kiembeni, Mtopanga na Kisauni yenyewe, ambako wengi wa watandika vitanda, wapishi na walinzi wa hoteli hizo walipanga vyumba. Uzima wao ulifungamana na ndege za Changamwe. Mnamo Agosti 1997, wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha Likoni. Ghasia zikaenea, watu wakauawa na maelfu wakayakimbia makwao. Watalii waliacha kuja, hoteli zikapunguza wafanyakazi au zikafunga milango. Wimbo uliokuwa ukiwahakikishia wageni kwamba nchi haina matata ukawa hauna wa kuimbiwa. Mgeni hakuja, na mwenyeji hakupona. Matata yalikuwapo muda wote, ya ardhi, ya ajira na ya siasa. Ila wimbo haukuwa umeundwa kuyaeleza. Hilo si kosa la mtunzi, kwani wimbo wa kumpokea mgeni hauwezi kuwa ripoti ya tume. Lakini wasomi wanaoufunza bila kuutaja mwaka 1997 wanaufunza nusu.

Teddy Kalanda na nduguze hawakubaki hotelini. Mwaka 1987 bendi ilihamia Nairobi, na huko ikafanya kazi inayostahili kukumbukwa na kila mpenzi wa fasihi ya pwani: ilishirikiana na Fundi Konde, mkongwe wa gitaa aliyezaliwa mwaka 1924 na kufariki mwaka 2000, na kuzirudisha nyimbo zake masikioni mwa kizazi kipya; ikashirikiana pia na Malika, mwimbaji wa taarabu. Bendi iliyodhaniwa kuwa ya watalii ikawa mlinzi wa hazina ya wenyeji.

Hata hivyo, jina la mtunzi liliendelea kufifia. Wengi wanaouimba "Jambo Bwana" huudhani kuwa wimbo wa jadi usio na mwenyewe, kama nyimbo za watoto. Si mkasa wa kwanza. Boney M. hao hao waliutoa "Malaika" mwaka 1981, wimbo ambao nchini Kenya huhusishwa na Fadhili William, na ambao utunzi wake umegombaniwa kwa miaka mingi. Na usemi wa "hakuna matata" ulipovuma zaidi kupitia filamu ya The Lion King ya mwaka 1994, kampuni ya Disney ilipata usajili wa maneno hayo nchini Marekani kama alama ya biashara mwaka 2003. Mwaka 2018 maelfu ya watu walitia sahihi ombi la kuupinga usajili huo. Katika kelele zile, lugha ilitetewa, bara la Afrika likatetewa. Mtunzi wa Mombasa hakutajwa sana.

Suala hili ni letu sisi tunaosoma Kiswahili kabla ya kuwa la mawakili. Fasili yetu ya fasihi simulizi husema kwamba ni mali ya jamii na mtunzi wake hajulikani. Fasili hiyo inafaa kwa wawe na kimai za kale. Lakini tukiitumia kizembe, tunamfuta mtu aliyekuwa hai juzi. "Jambo Bwana" umesambaa kwa mdomo, umebadilishwa na kila mwimbaji, umepata matoleo yasiyohesabika. Una sifa zote za fasihi simulizi isipokuwa moja, kwamba mtunzi wake anajulikana. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inalitambua hilo: haki katika utunzi hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki. Kwa hesabu hiyo, wimbo huu una mwenyewe hadi mwisho wa mwaka 2074.

Turudi kwenye lile neno moja. Kauli ya kutendwa humficha mtenda. Wageni mwakaribishwa, lakini na nani? Sarufi inaruhusu swali hilo liachwe wazi, na kwa miaka 40 dunia imeliacha wazi kwa furaha. Mwalimu wa Kiswahili anapoandika sentensi ubaoni na kuwataka wanafunzi waitaje yambwa na mtenda, anaweza kuutumia mfano huu. Mtenda ana jina. Anaitwa Teddy Kalanda Harrison, wa Mombasa.