App Tatu, Brauza Tatu

Laptop yangu ni ya mtumba, RAM 4GB. Jumanne usiku nilikuwa nahariri video ya mteja, app ya kuchati na timu ikiwa wazi kando. Kila kitu kikaganda. Kazi ya saa mbili ikaenda, na mteja aliitaka asubuhi.

Nilipoiwasha tena nikafungua Task Manager nione mchawi ni nani. Nilidhani ni programu ya kuhariri. Wapi! Ni ile ya kuchati, tena jina lake limejipanga mara sita, kila moja na kipande chake cha RAM.

Kumbe ile ni ukurasa wa wavuti uliovalishwa nguo za app. Nyingi za aina hii zimejengwa kwa Electron, iliyoanzia GitHub mwaka 2013 ikiitwa Atom Shell. Kila app inabeba Chromium yake nzima, ile ile iliyo ndani ya Chrome. Ukifungua Slack, Discord na VS Code, una brauza tatu zisizojuana, na Chrome yenyewe bado.

Naelewa developa. Anaijenga mara moja, inaingia Windows, Mac na Linux, na watu wa Linux walishazoea kusahaulika. Lakini hiyo pesa anayookoa, si mimi ndiye nailipa kwa RAM? Huyo aliijaribu kwa mashine ya 32GB, bana.

Nimeitoa. Siku hizi nachati ndani ya Chrome, ambayo huwa iko wazi tu. Emoji ni zile zile.

Video niliimaliza saa kumi na moja alfajiri.