Mashini Kubwa katika Motokari Kuukuu
Sisi wenye Volkswagen za zamani twajua kishawishi hiki. Mashini yake, iliyo nyuma, yashikwa kwa bolti nne tu. Asubuhi moja yatosha kuitoa. Basi mwenye motokari ya mwaka 1958, yenye nguvu za farasi 30, aiona mashini ya 1500 iliyotolewa mwaka 1966, yenye nguvu 44, na moyo wamruka. Twamwelewa sana. Lakini breki je? Wajerumani wenyewe, walipoitia mashini hiyo, waliweka breki za diski mbele katika motokari za Ulaya, wala si kwa urembo. Anayepanda mlima upesi atashuka pia, na watoto wamo kitini nyuma. Mashini tuliyoinunua sisi ingali chini ya turubai. Kila Jumamosi watoto wauliza itafungwa lini. Twangoja diski.