Mfungo Wenye Foleni

Mtu wa Mwanza akikaribishwa samaki ugenini huanza kwa kukagua. Sisi tumelelewa kwa sato na sangara, na samaki asiye na kichwa tunamshuku. Dada yangu aliponiambia kwamba safari yangu ya kwanza Marekani itaangukia Kwaresima, na kwamba kila Ijumaa wao huzunguka parokia kwa parokia wakila samaki wa kukaanga, nilicheka. Kwetu samaki ndiye mboga ya kila siku, nyama ndiyo ya sikukuu. Sasa mtu anayeacha nyama ili ale samaki, toba yake iko wapi?

Dada anaishi Pittsburgh, mji wa vilima na madaraja katika jimbo la Pennsylvania, pale mito ya Allegheny na Monongahela inapokutana na kuwa Ohio. Viwanda vya chuma viliwaita huko Wapolandi, Waslovakia, Wakroatia, Waitalia na Waukraine, na kila taifa likajijengea kanisa lake. Siku hizi, kila Kwaresima, watu wa kujitolea huweka kwenye intaneti ramani ya sehemu zote zinazokaanga samaki. Wapo Wakatoliki, wapo Waprotestanti, vipo hata vituo vya zimamoto. Wapwa zangu ndio waliochagua njia. Mimi na shemeji tulifuata.

Ukumbi wa kwanza ulikuwa chini ya kanisa. Theluji ilikuwa bado imelala pembezoni mwa barabara, na saa kumi na moja jioni foleni ilikuwa imeshapanda ngazi hadi nje. Unalipa mezani, unapewa tiketi, unasogea dirishani. Nyuma ya dirisha wazee wa parokia, aproni zimelowa mafuta, walikuwa wakigombana kwa mapenzi makubwa. Nikakabidhiwa skonzi yenye kipande cha cod kilichotokeza kila upande, mkate umewekwa kwa heshima tu.

"Mjomba, anza na ncha," mpwa wangu mdogo akanielekeza. "Mkate utaukuta baadaye."

Nitasema ukweli wa mtu wa ziwani: ganda lilikuwa kavu na lenye mlio mzuri, nyama nyeupe na laini, lakini ladha ilikuwa haba. Cod ni samaki wa bahari baridi, na hapo alikuwa mbali sana na kwao. Utajiri wa sahani ile ulikuwa pembeni. Kulikuwa na pierogi, tuseme sambusa za kuchemshwa, ndani viazi vilivyopondwa na jibini, juu vitunguu vilivyoiva katika siagi. Kulikuwa na haluski, kabichi na tambi zilizokaangwa pamoja hadi kabichi ikawa tamu. Niliomba tena haluski. Samaki nilimalizia kwa adabu.

Desturi hii ina sheria nyuma yake. Zamani Wakatoliki walijinyima nyama kila Ijumaa ya mwaka. Mwaka 1966 Papa Paulo VI alilegeza kanuni za toba, na maaskofu wa Marekani wakawaachia waumini wachague toba nyingine kwa Ijumaa za kawaida. Za Kwaresima wakazibakiza. Hamu ya mwaka mzima ya samaki ikabanwa ndani ya wiki chache, na kikaangio kikapata msimu wake.

Shemeji, ambaye hapendi ukimya mezani, aliongeza habari ya Lou Groen wa Cincinnati. Mgahawa wake wa McDonald's ulikuwa katika mtaa uliojaa Wakatoliki, na kila Ijumaa ukawa hauna wateja. Akabuni mkate wa samaki. Mkuu wa kampuni, Ray Kroc, alikuwa na wazo lake mwenyewe, mkate wenye nanasi badala ya nyama. Inasimuliwa kwamba Ijumaa Kuu ya 1962 waliyashindanisha mawili hayo: samaki 350, nanasi 6. Sina la kuongeza juu ya nanasi lile.

Jumamosi moja dada alitupeleka Millvale, mji jirani, kwenye Kanisa la Mtakatifu Nikola la Wakroatia, kuona michoro ya ukutani ya Maxo Vanka, aliyoichora mwaka 1937 na 1941. Nilitarajia malaika. Nikakuta tajiri mwenye kofia ndefu anakula peke yake, akisoma habari za hisa, huku maskini ameanguka karibu. Mchoro mwingine ni wa familia iliyozunguka mlo wake mdogo. Hapo nilianza kuelewa zile kumbi. Jana yake tu, kwenye meza ndefu ya karatasi nyeupe, nilikula kiwiko kwa kiwiko na dereva wa basi na mjane aliyenisogezea chumvi bila kuombwa. Toba niliyokuwa nikiitafuta kwenye sahani haikuwepo. Ilikuwa jikoni, kwa watu waliosimama saa nyingi mbele ya mafuta ya moto ili bili ya kupasha joto kanisa ilipwe.

Na kuna sababu ya kukaza mwendo hivyo. Mwaka 2018 jimbo Katoliki la Pittsburgh lilitangaza mpango wa kuunganisha parokia 188 ziwe 57. Katika ukumbi mmoja bibi mmoja mgawa pierogi alituambia kwamba parokia zilizoungana hapo zilielewana haraka kuhusu saa za misa. Unga wa kukaangia samaki ndio uliowashinda: hawa wanataka wa bia, wale wanataka wa chenga za mkate. Paroko akaamua samaki wakaangwe kwa namna zote mbili, kila upande na dirisha lake. Tulikula kwa madirisha yote, kwa haki. Wa bia ni bora.

Bibi yule aliniuliza samaki wa kwetu wakoje. Nikamwambia sato huletwa mzima, na mgeni hupewa kichwa. Alinyamaza kidogo, akauliza nani anamsafisha, mke au mume. Kisha akasema Alhamisi wanakunja pierogi kuanzia saa tatu asubuhi na kwamba mikono haitoshi. Kabla sijafungua mdomo, dada akamjibu kwamba kaka yake hana kazi Alhamisi.