Mke Mwenza wa Bibi

Nilikuwa na miaka 15 bibi yangu aliponiita mke mwenzake, nikachukia.

Ilikuwa Julai 2014. Baba alitupeleka, mimi na mdogo wangu, kutoka Basel, Uswisi, tulikozaliwa. Pale Kivukoni, nje kidogo ya Ifakara, tulivuka mto Kilombero kwa pantoni, maana daraja lilikuwa bado halijakamilika. Bibi aliishi ng'ambo, upande wa Lupiro. Alimkumbatia mdogo wangu akasema, "Mume wangu amekuja!" Kisha akanitazama mimi kuanzia miguuni hadi kichwani. "Na wewe mke mwenzangu, umekuja kuninyang'anya?" Watu wakacheka. Mimi nikaingia ndani na kununa. Kiswahili nilikijua. Utani wa bibi na mjukuu hakuna aliyekuwa amenifundisha.

Basel na Ifakara si wageni. Mwaka 1957 Rudolf Geigy, mtaalamu wa wanyama kutoka Basel, alianzisha maabara Ifakara, na kutokana nayo ikakua Taasisi ya Afya Ifakara ya leo. Kwa hiyo nilikutana na watu wazima Basel waliolijua jina la mji wetu. Walilijua kwa sababu ya malaria. Nami nililijua bonde kupitia mbu wake kabla ya kuwajua watu wake.

Darasani nilikuwa na rafiki ambaye wazazi wake walitoka Korea Kusini. Kila Jumamosi alipelekwa kujifunza Kikorea, na kila Jumatatu alilalamika. Nilimwonea wivu. Kindamba hakikuwa na shule wala kitabu nyumbani kwetu.

Yalikuwa majira ya mavuno. Wanawake walikata mpunga, wakaupiga, wakaupepeta. Nilipopewa ungo, nusu ya mpunga ulimwagika chini. Bibi akapiga kelele, "Mke mwenzangu, kwa ungo huu mume wetu atalala njaa!" Wakati huo nilikuwa nimeshauelewa mchezo. Nikamjibu, "Basi mpikie wewe, mimi nitakula." Wanawake walipiga vigelegele.

Hata hivyo kuna jambo lilinisumbua. Wakiwa wenyewe walizungumza Kindamba. Nikisogea, walihamia Kiswahili. Walifanya hivyo kwa upendo, lakini niliona kwamba ni heshima anayopewa mgeni.

Miaka mitano baadaye bibi alianza kusahau. Kiswahili ndicho kilichotangulia kumtoka. Nikimpigia simu na kumwamkia, "Shikamoo bibi," alinijibu kwa Kindamba, maneno mengi, na shangazi alinitafsiria machache: anakusalimu, anasema mvua imenyesha. Nilijua kwamba alikuwa amesema zaidi ya hayo.

Jumapili moja baba alitoka jikoni, akaichukua simu mkononi mwangu, akamjibu. Sikuwahi kumsikia baba akizungumza Kindamba hivyo. Sauti yake ilikuwa nyingine. Alicheka kabla hajamaliza sentensi. Alipokata simu nikamuuliza kwa nini hakutufundisha.

"Nilikuwa nawapunguzia mzigo, mwanangu," alisema. "Kijerumani, Kifaransa cha shuleni, Kiswahili. Nikaona tatu zinatosha." Akanyamaza kidogo. "Sikujua kwamba nilikuwa nawapunguzia na bibi yenu."

Tukaanza hapo. Kila Jumapili, kabla ya kupiga simu, alinifundisha sentensi moja nami nikaiandika daftarini. Mengine hata yeye alikuwa ameyasahau. Kwa majina ya samaki ilibidi ampigie shangazi, wakabishana mpaka salio likaisha. Mdogo wangu alijifanya hasikilizi, kisha nikamkuta analisoma daftari langu.

Siku niliyokuwa tayari, nilimwambia bibi kwa Kindamba, "Mke mwenzangu, hujambo?"

Kimya. Kisha akauliza kitu. Baba akaninong'oneza: "Anauliza wewe ni mtoto wa nani."

Jibu la swali hilo nilikuwa nalo. Ndiyo sentensi ya kwanza baba aliyonifundisha. Nikamtajia baba yangu, na babu yangu.

Bibi akasema neno kali, upande wa pili watu wakaangua kicheko. Shangazi ndiye aliyetafsiri safari hii:

"Anasema, kama ni hivyo, mbona hujaja kuvuna?"