Fukuto Lisilo na Kipupwe

Sisi wa Dar es Salaam tunalijua fukuto, lakini letu lina adabu: ifikapo Juni kusi huvuma, na watu wakapata usingizi. Singapore, iliyo kiasi cha nyuzi 1 tu kaskazini ya Ikweta, haina kipupwe. Mwezi huja, mwezi huenda, adhuhuri ni nyuzi 31 au 32, na usiku ni nadra kushuka chini ya 23. Shati nililolifua jioni nililikuta asubuhi lingali chepechepe.

Lee Kuan Yew, aliyeshika uwaziri mkuu mwaka 1959, alisimulia baadaye kwamba miongoni mwa mambo aliyoyafanya mwanzo ni kutia viyoyozi katika ofisi za serikali, ili kazi ifanyike. Sibishi, kazi imefanyika. Ila kiyoyozi hakiui joto, hulihamisha tu. Ndani ya maduka nilitamani sweta. Nyuma yake, vichochoroni, mashine zilikuwa zikipuliza hewa ya moto usoni mwa wafagiaji na wapishi waliotoka kupumzika.

Bangkok, ambako mifereji mingi ilifukiwa ikawa barabara, Aprili ndio mwezi wa moto kupita yote. Mwezi huohuo watu humwagiana maji katika sikukuu ya mwaka mpya, Songkran. Bibi mmoja alinimwagia ndoo nzima, nami nikamshukuru kwa dhati. Kando yetu dereva wa pikipiki ya abiria, kizibao cha rangi ya chungwa kimemganda mwilini, alivua kofia yake ngumu, akainamisha kichwa, akangoja zamu yake.