Chelewachelewa Katika Ulingo wa Mtandao

Wahenga walinena kwamba chelewachelewa utampata mwana si wako. Sidhani kwamba wazee hao walikuwa wakifikiria michezo ya video, lakini methali yenyewe inaifaa sana. Katika michezo ya mapigano inayochezwa kwa intaneti, aliyechelewa huwa amekwisha kuanguka chini kabla hajajua kilichompiga. Na aghalabu anayechelewa si mchezaji bali ni mtandao. Uchelewaji huo sisi vijana tunauita legi.

Mpenzi msomaji, neno hili limeleta ugomvi mwingi mtaani kwetu. Mtu akishindwa utamsikia, "Aa, hiyo ilikuwa legi!" Akishinda, mwenzake humjibu, "Ati umeshinda? Wewe umebebwa na legi, bwana!" Basi swali langu ni hili: mtandao ukichelewa, aliyeshinda ameshinda kweli?

Tuanze na hesabu kidogo. Mchezo wa Street Fighter 6, uliotoka mwaka wa 2023, huchora picha 60 kwa kila sekunde. Kila picha huitwa fremu. Sekunde moja ina milisekunde 1000, kwa hivyo fremu moja huchukua kama milisekunde 17 tu. Kumshika mwenzako ili umbwage huchukua fremu 5. Hakuna binadamu awezaye kungoja aone mkono ukija ndipo abonyeze, kwa maana jicho, ubongo na kidole cha mtu wa kawaida huhitaji milisekunde 200 hadi 250, yaani fremu 12 hadi 15. Hapo inabidi ubashiri tu, hata kama mmeketi kwenye benchi moja.

Lakini yako mapigo ambayo mtu huweza kuyaona. Katika mchezo huo kuna pigo zito liitwalo Drive Impact. Mpigaji hutapakaa rangi kama aliyemwagiwa wino, na huweza kustahimili mapigo mawili bila kusimama. Pigo hilo huchukua fremu 26 kabla ya kufika. Ukitumia 15 kuona na kubonyeza, bado una 11 za akiba. Mtu aliye macho hulijibu kwa Drive Impact yake, na yule aliyeanza ndiye anayeumia. Ndiyo sababu tukicheza ana kwa ana, anayelitumia ovyo ovyo hujuta.

Sasa ingiza mtandao. Mashine mbili zilizo mbali zinapaswa kuambizana kila kidole kilichobonyezwa, na habari hizo husafiri. Hapo zamani mifumo mingi ilikuwa ya kungojana. Mashine yako ilikaa na ulichobonyeza hadi habari za mwenzako zifike, ndipo zote mbili zikasonga mbele. Ukiwa na uchelewaji wa fremu 6, unabonyeza ngumi na ngumi inatoka baadaye, kana kwamba unatembea katika matope. Mwaka wa 2006 Mmarekani Tony Cannon, mmoja wa waanzilishi wa mashindano makubwa ya Evo, alitengeneza programu ya GGPO iliyofuata njia nyingine. Mashine haingoji. Hukisia kwamba mwenzako anaendelea kufanya kile alichokuwa akifanya, ikakuchorea hivyo. Habari za kweli zikifika na kumbe kisio si sahihi, mashine hurudi nyuma, ikasahihisha na kukimbilia mbele tena kwa kufumba na kufumbua. Njia hii huitwa rolibeki, na ndiyo inayotumiwa na Street Fighter 6.

Rolibeki ni nzuri kwa vidole vyako, kwa kuwa unachobonyeza hutoka upesi. Lakini macho ndiyo hulipa deni. Tuseme habari zimechelewa fremu 6. Mwenzako ameanza Drive Impact, nawe bado unaonyeshwa mtu aliyesimama tu. Habari zikifika, pigo linaonekana ghafla likiwa katika fremu ya 7. Zile za mwanzo hukuziona kamwe. Zimebaki 20, toa 15 za kuona na kubonyeza, akiba yako ni 5 badala ya 11. Ukiwa umechoka kidogo, au mawazo yamekwenda kwenye mtihani wa hesabu, umekwisha.

Mtu atauliza, kwani habari huchelewa wapi? Kwanza ni umbali. Mwaka wa 2009 waya wa TEAMS ulilazwa chini ya bahari kutoka Mombasa hadi Fujairah, karibu kilomita 5,000. Mwanga ndani ya waya wa kioo husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hivyo safari hiyo huchukua milisekunde 25 kwenda na 25 kurudi. Hizo ni fremu 3, na hakuna fundi awezaye kuzipunguza pasipo kuisogeza Fujairah. Hata hivyo ni afadhali kuliko setilaiti za zamani zilizokaa kilomita 36,000 juu ya ardhi, kwani kupanda na kushuka mara moja tu kulimaliza kama fremu 14.

Lakini umbali peke yake si kisa chote. Mimi niko Nakuru na binamu yangu, mtoto wa shangazi, yuko Mombasa. Kati yetu ni zaidi ya kilomita 600 kidogo tu, ambazo mwanga huzimaliza kwa milisekunde 3 au 4. Mbona basi tunapata legi? Ni foleni. Kwao kuna intaneti ya waya, lakini mimi hutumia ya simu, na jioni watu wote wa mtaa huwa kwenye mnara ule ule. Habari zangu husimama kwenye foleni kama abiria wa matatu siku ya Ijumaa. Ubaya wa foleni ni kwamba haina kipimo kimoja. Uchelewaji wa fremu 4 usiobadilika unaweza kuuzoea, ukajua ubonyeze mapema kiasi gani. Ule wa fremu 2 sasa hivi, 9 baadaye, kisha 3, hauzoeleki hata kidogo.

Kwa mtandao binamu yangu alikuwa akinishinda karibu kila siku. Silaha zake zilikuwa mbili: Drive Impact, na kuruka. Ana kwa ana, mtu akiruka unamwona yuko hewani unamtungua kwa ngumi ya juu. Kwa legi unamwona amekwisha kuanza kushuka. Basi alikuwa akiruka kama panzi na kunitumia ujumbe wa kicheko. Nikimwandikia kwamba ni legi, ananijibu kwamba mchezaji mbaya hulaumu uwanja. Tulifika mahali pa kutosemezana wiki mbili nzima, watu wa damu moja!

Likizo ya Desemba 2024 nilikwenda kwao. Tukaketi sebuleni na padi mbili, mashine moja, bila mtandao wowote. Aliruka, nikamtungua. Akaja na Drive Impact, nikamrudishia. Akaniuliza, "Ndugu yangu, leo umekuja na macho mengine?" Nikamwambia macho ni yale yale, ila leo habari zinafika.

Hata hivyo, msomaji, sikumshinda kila mchezo. Alikuwa na kitu ambacho hakikuondoka na legi. Miezi yote ile alikuwa ameyasoma mazoea yangu. Alijua kwamba nikiinuka kutoka chini hupenda kutupa teke. Alijua nikisukumwa hadi pembeni hutaka kuruka nitoroke. Huo haukuwa uongo wa mtandao. Aliyefungiwa macho hujifunza kusikiliza, naye legi ilimfundisha kumjua mtu badala ya kuliangalia pigo. Shangazi aliposikia tukibishana alituuliza kutoka jikoni, "Nyie wanangu, timu ikishinda kwenye matope, mabao hurudishwa?" Tukanyamaza.

Kwa maoni yangu legi haiondoi ustadi, bali hubadilisha ni ustadi upi unaolipa. Anayetegemea kuona hupoteza, na anayetegemea kubashiri hupata. Mapigo ya polepole ambayo ana kwa ana ni hatari kwa mpigaji hugeuka kuwa mali. Kungoja kuona kama ngumi ya kwanza imepata ndipo uendelee huwa kugumu, kwa hivyo inabidi uamue mapema. Kusimama mahali ambapo teke la mwenzako halifiki huwa na maana zaidi, kwa kuwa umbali wa kiwiliwili huwezi kuibiwa upesi kama muda. Hata wakubwa wanalijua jambo hili. Mwaka wa 2021 mashindano ya Evo yalipofanywa kwa mtandao kwa sababu ya Korona, wachezaji waligawanywa kwa maeneo ya dunia, wa mbali wasikutanishwe.

Kwa hivyo aliyeshinda kwenye legi ameshinda, lakini ameshinda mchezo ule, asijitangaze bingwa wa huu mwingine. Wala simsemei yule anayechomoa waya makusudi akiona anashindwa. Huyo hachezi mchezo wowote.

Mimi na binamu yangu sasa tuna sheria tatu. Kabla ya kuanza tunaangalia alama za mtandao, zikiwa mbaya tunacheza mazoezi yasiyohesabiwa. Mchezo ukianza kuhesabiwa, neno legi halitajwi hadi mwisho. Na matokeo ya mtandao na ya ana kwa ana tunayaandika katika kurasa mbili za daftari. Katika ukurasa wa mtandao bado yeye yuko mbele. Katika ule mwingine niko mbele mimi, na kila mmoja ana kazi ya kufanya.

Nawaachia wenzangu wasemi wa mtaani neno moja. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Lakini kabla hujamcheka aliyeshindwa, muulize kwanza habari zilimfikia saa ngapi.