Kashata nzima, tairi zee

Kuanzia katikati ya Desemba, barabara ya Dar es Salaam kwenda Moshi hujaa magari ambayo mwaka mzima hayaendi mbali zaidi ya kanisani na sokoni. Yamebeba baba, mama, watoto, dada wa kazi, bibi aliyekuja mjini kutibiwa, gunia la mchele na mabegi yaliyofungwa juu. Ndani kila kitu kimefikiriwa, kuanzia maji ya kunywa hadi mifuko ya watoto wanaotapika njiani. Matairi huachiwa Mungu na dereva.

Familia moja ya Kimara ilikuwa hivyo hivyo hadi Desemba 2024. Baba anafanya kazi Posta na huenda kwa mwendokasi, maana mafuta na maegesho ya mjini yangemaliza mshahara. Mama ni mwalimu wa shule ya msingi. Noah yao hulala nje, upande mmoja ukipigwa na jua la mchana, na hutoka Jumapili. Baba huiosha mwenyewe, na kila akimaliza huyasifia matairi: kashata nzima, kama yametoka dukani jana.

Wiki moja kabla ya safari aliitwa fundi wa pancha wa jirani aje kujaza upepo. Baba alikuwa kazini. Fundi aliinama, akapitisha kidole ubavuni mwa tairi na kumwonyesha mama nyufa nyembamba kama za tope lililokauka. Kisha akamsomea tarakimu nne zilizo mwishoni mwa maandishi yanayoanza na herufi DOT: 1413.

"Mama, hili limetengenezwa wiki ya 14 ya mwaka 2013," alisema. "Na wenzake ni hivyo hivyo."

Matairi hayo yalikuja na gari lenyewe kutoka Japani, nalo lilinunuliwa likiwa limeshatumika. Hakuna aliyewahi kuuliza umri wake. Namba hiyo kamili mara nyingi huandikwa upande mmoja tu wa tairi, kwa hiyo asiyeiona kwa nje anapaswa kuingia uvunguni na tochi.

Mpira huzeeka hata gari likiwa limesimama. Jua, joto na hewa huukausha, na tabaka za ndani hupoteza mshiko wake. Baadhi ya watengenezaji wa magari hushauri tairi libadilishwe likifikisha miaka sita, na kampuni kadhaa kubwa za matairi huweka kikomo cha miaka 10, hata kama kashata bado ipo. Ndiyo maana gari la kutembea mara moja kwa mwaka linadanganya kuliko daladala. Tairi la daladala huwa kipara na kila mtu akaliona. Hili la nyumbani linabaki zuri kwa macho.

Jioni baba hakufurahi. "Mama watoto, matairi hayajatembea hata!" Alipendekeza yanunuliwe mawili, mengine Januari. Mama alikataa. Bei ya manne ilikuwa karibu sawa na bajeti yote ya sikukuu kijijini, pamoja na mbuzi. Na mbuzi si kitoweo tu kwa mtoto wa kwanza wa kiume anayerudi Uchagani. Ni heshima yake mbele ya baba yake na wadogo zake. Walibishana siku mbili. Mama alisema yeye na watoto watapanda basi, na baba aliona aibu ya kufika na gari tupu ni kubwa kuliko ya kufika bila mbuzi.

Msimamo wa mama haukuwa woga wa bure. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Mama anayehesabu tarehe za chanjo kwenye kadi ya kliniki ana haki ileile ya kuuliza tarehe ya tairi, na wala hahitaji kujua kuendesha gari.

Matairi mapya yalipofungwa, fundi alitaka kujaza upepo kwa mazoea, kipimo kimoja kwa kila gari. Mama akamwomba asome kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva, maana ndicho kinachosema gari hilo linataka kiasi gani. Namba iliyo ubavuni mwa tairi ni kiwango cha juu ambacho tairi lenyewe linaweza kubeba, wala si kipimo cha kujazia. Upepo hupimwa asubuhi, gari likiwa halijatembea.

Hapa ndipo madereva wengi hupotea. Wakifika Mombo au Same na kuona joto limezidi, husimama na kupunguza upepo ili tairi "lisipasuke". Wanafanya kinyume. Tairi lenye upepo mdogo na mzigo mkubwa hujikunja zaidi kila linapozunguka, na huko kujikunja ndiko kunakolichemsha. Upepo ukipanda kidogo njiani ni kawaida, uachwe.

Spea nayo ilikuwa ya 2013. Fedha ya tano haikuwepo, wakakubaliana kwamba ikibidi itafungwa kwa mwendo wa pole tu, hadi kwa fundi wa karibu.

Walipofika Chalinze, baba alisimama akakaza nati za magurudumu yote manne, kwa sababu ringi ikishafunguliwa, nati zinaweza kulegea kwenye kilomita za mwanzo. Mbili zilizunguka kidogo. Hakusema kitu, alirudisha spana chini ya kiti na kuomba chai.

Kijijini babu alinuna siku ya kwanza. Mbuzi aliletwa na mdogo wake baba, anayefuga Hai.